Je, Wajua? Utamu wa Kiazi Huzaliwa Motoni

Kiazi kitamu kibichi si kitamu kiasi hicho. Tafuna kipande utaona: wanga unakwaruza ulimi, utomvu mweupe unanata kwenye midomo, na sukari iko kwa mbali. Ule utamu unaoufahamu, unaokujaza mate ukibandua ganda la kiazi kilichotoka kwenye majivu, hutengenezwa motoni.

Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi. Kazi yake ni kuukata wanga na kuugeuza sukari aina ya maltosi, ambayo kwenye kiazi kibichi karibu haimo kabisa. Kabla ya kupikwa, wanga umefungwa ndani ya chembe ngumu na kimeng'enya hakipati pa kuuma. Joto la ndani ya kiazi likipita nyuzi 60 hivi, chembe hizo huanza kunywa maji, kuvimba na kulainika, na hapo ndipo kazi inapoanza. Likifika nyuzi 80 na kuendelea, kimeng'enya chenyewe kinaharibika na kazi inakoma. Kwa hiyo utamu unategemea muda ambao kiazi hutumia kupita kati ya viwango hivyo viwili. Ukikipitisha mbio, umekinyima nafasi. Ukikipitisha taratibu, kitajitengenezea sukari yake bila wewe kuongeza hata kijiko.

Ndiyo maana napenda chakula cha jioni kinachoanza na kiazi cha kuoka. Hakidai nyama, hakidai fedha nyingi, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na moto huku wewe ukishughulika na mengine. Yaliyomo humu yanafuata mlo mmoja wa namna hiyo: kiazi cha kuoka, maharage ya nazi, matembele na kachumbari.

Je, wajua kwamba maikrowevu huivisha kiazi lakini haikipi utamu wake?

Maikrowevu hukipasha kiazi joto kwa dakika chache tu. Kinalainika, kinaliwa, lakini kimeng'enya kinaharibika kabla hakijafanya lolote. Linganisha kiazi kimoja kilichoivishwa kwa maikrowevu na kingine cha rundo hilohilo kilichokaa kwenye oveni zaidi ya saa moja. Cha kwanza kina ladha ya wanga na maji. Cha pili utakuta kimetoa ute mzito wa rangi ya kahawia kwenye nyufa za ganda, unaonata kwenye vidole kama asali na kuganda kwenye sinia ukipoa.

Wajapani wamelijua hili kwa vitendo tangu zamani. Kiazi chao cha mtaani, yaki-imo, huokwa juu ya mawe madogo yaliyopashwa moto, na wachuuzi wa majira ya baridi hupita na magari yenye majiko hayo. Mawe hutoa joto la upole linaloingia ndani polepole, na kiazi hukaa humo muda mrefu.

Sisi tuna kuvumbika. Moto wa kuni ukishatulia, unachimba nafasi kwenye majivu ya moto, unalaza viazi visivyomenywa, unavifunika kwa majivu, kisha makaa machache juu. Ganda linaungua, nyama ya ndani inaiva kwa mvuke wake yenyewe. Bibi aliyekuambia usichochee moto mpaka viazi viive alikuwa anakifungulia kimeng'enya nafasi yake, na alijifunza hivyo kwa ulimi wake.

Jikoni kwako leo, fanya hivi. Osha viazi vizuri kwa maji na brashi, usivimenye. Vitoboe kwa uma mara mbili tatu ili mvuke upate pa kutokea. Kama una oveni, viweke ikiwa bado baridi ndipo uiwashe, nyuzi 180, kwa saa moja hadi saa moja na nusu kwa viazi vya ukubwa wa ngumi. Kama una jiko la mkaa, chukua sufuria nzito, tandaza mchanga safi au mawe madogo chini, panga viazi bila kubanana, funika kwa mfuniko wa bati na uweke makaa machache juu yake, moto wa juu na chini kama wa kuoka keki. Usiweke maji. Sinia au karatasi ya foili chini ya viazi vya oveni ni jambo la busara, kwa sababu ule ute wa sukari ukidondoka unaungua na kutoa moshi. Kiazi kimeiva pale kisu kinapozama bila kusukumwa na ganda linapoanza kuachana na nyama.

Je, wajua kwamba kiazi kitamu na kiazi mviringo si ndugu?

Kiazi mviringo, kile cha chipsi, ni wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, pilipili na tumbaku. Sehemu tunayokula ni shina lililovimba chini ya ardhi. Kiazi kitamu ni wa ukoo mwingine kabisa, ule wa mimea inayotambaa yenye maua ya umbo la tarumbeta, mengine meupe, mengine ya zambarau, kama yale yanayopandwa kwenye nyua za nyumba kwa ajili ya mapambo. Sehemu tunayokula ni mzizi wenyewe. Kiazi kikuu nacho kina ukoo wake wa tatu.

Tofauti hiyo ina faida jikoni. Kiazi mviringo kikikaa kwenye mwanga kinageuka kijani na kujenga sumu, na majani yake hayaliwi. Kiazi kitamu hakina tabia hiyo, na majani yake ni mboga ya kila siku. Mmea mmoja unakupa wanga chini na mboga juu. Ni mazao machache yanayoweza kusema hivyo.

Sokoni, swali la kwanza la mnunuzi anayejua ni moja.

"Shikamoo mama. Hivi vina unga?"

"Marahaba mwanangu. Vina unga hasa, vimetoka Gairo. Vile vyekundu pale ndivyo vina maji, ila vitamu."

Kwa maneno machache mama huyo ameeleza jambo ambalo wataalamu wa mbegu hulipima kwa mashine: kiasi cha ukavu ndani ya kiazi. Chenye unga kina wanga mwingi na maji kidogo. Kikiokwa kinamumunyika mdomoni, na ndicho kinachopendwa kuliwa kwa chai au kwa maharage. Chenye maji kinalainika na kuwa kama uji mzito, na ndicho kinachotoa ute mwingi wa sukari. Vyote viwili vinafaa kuokwa. Cha unga kipasue katikati umwagie maharage yenye mchuzi. Cha maji kile kwa kijiko, moja kwa moja kutoka kwenye ganda.

Angalia pia vitobo vidogo vyeusi kwenye ganda. Hiyo ni kazi ya fukusi. Mdudu huyu hutaga mayai kwenye kiazi, na funza wake hutoboa njia ndani. Kiazi nacho hujitetea kwa kutengeneza kemikali chungu, na uchungu huo huenea mbali kuliko sehemu iliyotobolewa. Kuoka hakuuondoi. Kiazi kilichoshambuliwa sana ni cha kutupa, wala ng'ombe asipewe kikiwa na ukungu, maana kemikali nyingine inayotokea kwenye viazi vyenye ukungu huharibu mapafu ya mifugo.

Na ukifika nyumbani, usiviweke kwenye friji. Kiazi kitamu kibichi ni mtoto wa nchi za joto. Chini ya nyuzi 12 hivi huumia kwa baridi, na kiini chake kinaweza kubaki kigumu hata ukikipika mpaka usiku. Kiweke pakavu penye hewa, nje ya mfuko wa plastiki. Wakulima wanaohifadhi viazi kwa miezi huviatamia kwanza: siku 4 hadi 7 kwenye joto la nyuzi 30 hivi na unyevu mwingi, ili michubuko ya jembe ijifunge kwa ngozi mpya.

Je, wajua kwamba rangi ya kiazi iliwahi kutunukiwa tuzo ya dunia?

Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne. Watatu kati yao walikuwa wa kiazi kitamu: Maria Andrade, mzaliwa wa Cape Verde aliyefanya kazi Msumbiji, Robert Mwanga wa Uganda, na Jan Low, Mmarekani aliyeishi na kufanya kazi Afrika Mashariki. Wa nne, Howarth Bouis, alitambuliwa kwa kuanzisha kazi pana ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao yenyewe. Nadhani hadithi yao inastahili kujulikana na kila anayeshika mwiko katika ukanda huu.

Viazi vingi tulivyozoea ni vyeupe au njano hafifu kwa ndani. Vinashibisha, lakini havina vitamini A ya maana. Upungufu wa vitamini hiyo husababisha watoto kutoona vizuri gizani, hudhoofisha kinga yao, na ukizidi huwapofusha. Viazi vyenye rangi ya chungwa vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Gramu 125 tu kwa siku, yaani kiazi kimoja kidogo, zinaweza kutosheleza mahitaji ya mtoto. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2005 uliwapa watoto wa shule ya msingi kiasi hicho, kikiwa kimechemshwa na kupondwa, huku wenzao wakipewa kiazi cheupe. Hali ya vitamini A ya waliokula cha chungwa iliboreka kuliko ya wenzao.

Basi kwa nini hakikuenea mara moja? Kwa sababu ya ule unga anaouzungumzia mama wa sokoni. Viazi vya chungwa vilivyoletwa kutoka Marekani vilikuwa na maji mengi, na walaji wa Afrika Mashariki hawakuvipenda. Vilevile virusi vya huku vilivishambulia shambani. Kazi ya akina Mwanga huko Namulonge, Uganda, ilikuwa kuzalisha kiazi chenye rangi ya chungwa, chenye unga, na kinachohimili magonjwa, vyote kwa pamoja. Mwaka 2004 Uganda ikapitisha aina za Ejumula na Kakamega, na mwaka 2007 zikafuata Vita na Kabode. Tanzania ina aina zake, zikiwemo Kiegea na Mataya. Msumbiji, timu ya Andrade ilizunguka na magari yaliyopakwa rangi ya chungwa, yakiwa tangazo linalotembea. Katika masoko yetu mbegu hizi zinaitwa viazi lishe.

Mimi naona fundisho lao kubwa ni heshima waliyoupa ulimi wa mlaji. Hawakumwambia mama abadilishe anachokipenda. Walibadilisha kiazi.

Kuna viazi vya zambarau pia, ambavyo rangi yake hutokana na anthosianini, kundi lilelile la rangi linalopatikana kwenye zabibu nyeusi na rozela. Watu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani vinavyosifika kwa wazee wanaoishi miaka mingi, wanavilima mpaka leo. Katikati ya karne ya 20, zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao chote ilitoka kwenye viazi vitamu. Nyama ilikuwa ya sikukuu.

Je, wajua kwamba kiazi lishe bila mafuta ni nusu ya kiazi?

Beta-karotini haiyeyuki kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta, na utumbo wako hauwezi kuichukua vizuri pasipo mafuta kidogo. Kidogo kweli: kijiko cha mafuta ya alizeti, kipande cha parachichi, karanga za kusaga au tui la nazi vinatosha. Hapa watu wa pwani walikuwa mbele ya maabara. Futari ya Ramadhani, viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui zito na kutiwa iliki, inaunganisha rangi na mafuta katika sufuria moja.

Ndiyo sababu maharage ya mlo huu yanapikwa kwa nazi.

Je, wajua kwamba maharage mekundu hayapendi moto unaopendwa na kiazi?

Hapa kuwa makini. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Maharage manne au matano tu yasiyoiva yanaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha. Sumu hiyo huvunjika kwa mchemko wa kweli. Moto hafifu usiofikisha mchemko hauivunji, na maharage yaliyopikwa kwa joto la chini ya nyuzi 80 yanaweza kuwa na madhara zaidi ya yale mabichi. Kwa hiyo usiyafukie kwenye majivu pamoja na viazi ukidhani yataiva yenyewe.

Loweka maharage tangu asubuhi, kwa muda wa saa 5 au zaidi. Mwaga maji ya kulowekea. Tia maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30, ndipo upunguze moto yaendelee mpaka yapondeke kati ya vidole viwili. Pembeni, kaanga kitunguu kilichokatwa, kitunguu saumu, nyanya na bizari kidogo, changanya na maharage, kisha mimina tui. Chumvi iwe ya mwisho. Tui zito likishaingia usifunike na usiache kukoroga, maana likikatika mchuzi unakuwa na maji juu na chenga chini.

Maharage ndiyo yanayofanya mlo huu usihitaji nyama. Kiazi kitamu kina protini kidogo sana, gramu mbili au chini ya hapo katika gramu 100. Maharage, kunde, choroko, njugumawe na dengu ndiyo yanayoziba pengo. Waganda na Wasoga hupika omugoyo kwa kuponda viazi vitamu na maharage pamoja mpaka viwe kitu kimoja, chakula kinachobebeka shambani na kuliwa hata kikiwa kimepoa.

Maharage yana madini ya chuma, lakini chuma cha mimea ni kigumu kwa mwili kukichukua. Vitamini C hukisaidia. Hiyo ndiyo kazi ya kachumbari: nyanya mbichi, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili, na ndimu iliyokamuliwa dakika ya mwisho. Chai nayo hufanya kinyume chake, inakizuia chuma. Isubirishe saa moja baada ya kula.

Je, wajua kwamba mboga ya mlo huu iko juu ya tuta lilelile?

Matembele, majani ya kiazi kitamu, hayahitaji safari ya pili sokoni kwa mwenye bustani. Chuma vikonyo na majani machanga ya nchani. Kisamvu, majani ya muhogo, lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu ya sumu yake. Matembele yanaiva kwa dakika chache. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani yaliyokatwakatwa, funika dakika tano, yatoe yakiwa bado kijani kibichi. Ukipenda, malizia kwa karanga za kusaga.

Lakini usichume kupita kiasi kwenye shina moja. Majani ndiyo yanayokilisha kiazi kilicho chini. Mwenye busara hutenga tuta moja la mboga na mengine ya viazi. Na akivuna, hahitaji kununua mbegu: hukata marando, vipande vya shina vya urefu wa sentimita 30 hivi, akavichomeka kwenye tuta lenye unyevu. Miezi mitatu hadi mitano baadaye anafukua tena.

Je, wajua kwamba mwenye kisukari ni afadhali achemshe?

Sifa zote za kuoka zina gharama yake. Wanga uliogeuzwa maltosi huingia kwenye damu haraka. Utafiti wa Jamaika uliochapishwa mwaka 2011 ulipima aina kadhaa za viazi vitamu kwa mizani inayoonyesha kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, ambapo glukosi hupewa 100. Vilivyochemshwa vilipata kati ya 41 na 50. Vilivyookwa vilipata kati ya 82 na 94. Kiazi ni kilekile, tofauti ni jiko. Kwa hiyo ikiwa mezani kuna mtu mwenye kisukari, mchemshie chake na ganda lake, kiwe kidogo, na sahani yake ijae maharage na matembele. Protini, mafuta na nyuzinyuzi za mboga hizo hupunguza kasi ya sukari.

Je, wajua kwamba kiazi hiki kiliokoa watu wa bara jingine?

Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Lakini katika kisiwa cha Mangaia, katikati ya bahari ya Pasifiki, wachimbuaji walipata mabaki ya viazi vitamu vilivyoungua ambavyo vilipikwa kabla Columbus hajavuka Atlantiki. Wengi wanaamini mabaharia wa Polinesia walifika Amerika wakarudi navyo. Wengine wanashikilia kwamba mbegu zilielea zenyewe. Vyovyote ilivyokuwa, Wamaori walikilima New Zealand, nchi ya baridi kwake, wakakihifadhi kwenye mashimo maalumu na kukioka kwenye tanuri za ardhini.

Mwaka 1593, mfanyabiashara Chen Zhenlong alitoa marando Ufilipino na kuyapeleka Fujian, China. Inasimuliwa kwamba aliyaficha ndani ya kamba za jahazi, kwa kuwa ilikuwa marufuku kuyatoa. Leo China inaongoza duniani kwa kuzalisha viazi vitamu, na Tanzania na Malawi ni miongoni mwa nchi zinazofuata.

Hadithi inayonigusa zaidi ni ya Japani. Mwaka 1732 njaa kubwa ilipiga magharibi ya nchi hiyo baada ya mpunga kuharibika. Penye viazi vitamu watu walisalimika. Msomi mmoja, Aoki Konyo, akawasihi watawala wakipande mashariki, na mwaka 1735 akapewa bustani ya Koishikawa huko Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, akijaribie humo. Kilikubali. Watu wakambatiza jina la mwalimu wa kiazi kitamu, na kaburi lake bado linaheshimiwa.

Marekani, George Washington Carver, mtoto wa watumwa aliyekuwa mwanasayansi wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, aliwafundisha wakulima weusi kukipanda kwenye mashamba yaliyochoshwa na pamba, na akabuni matumizi yake zaidi ya 100, kuanzia unga hadi gundi. Miongo mingi baadaye chuo hichohicho kilishirikiana na NASA kukilima kiazi kitamu bila udongo, kikiwa chakula kinachofikiriwa kwa safari ndefu za anga.

Je, wajua kwamba jeni za kiazi kitamu zilibadilishwa na bakteria?

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent na Kituo cha Kimataifa cha Viazi walichunguza aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa. Vyote vilikuwa na vipande vya vinasaba vya bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium, aliyejipenyeza humo zamani sana. Bakteria huyohuyo ndiye anayetumiwa leo maabara kuhamisha jeni kati ya mimea. Anayebishana kuhusu vyakula vilivyobadilishwa jeni, awe upande wowote, ajue kwamba kimoja kimekuwa kwenye sahani za babu zetu bila mtu kujua.

Na vikibaki?

Kiazi kilichookwa na kupoa kinaweza kuingia kwenye friji bila shida, maana kimeshaiva. Kinakaa siku tatu nne. Sehemu ya wanga wake hujipanga upya kikipoa na kuwa mgumu kumeng'enywa, hivyo hupandisha sukari polepole zaidi kuliko kikiwa cha moto. Asubuhi kikate vipande vinene, kikaange kidogo kwa mafuta mpaka kingo ziwe kahawia. Maharage ya kiporo yachemshe tena vizuri kabla ya kula.

Wasukuma wamelifikisha jambo la akiba mbali zaidi. Viazi vibichi wanavikata vipande na kuvianika juani, hiyo ni michembe. Vilivyochemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa, matamu na magumu, ya kutafunwa njiani au kwa chai. Iteso wa Uganda wana amukeke, inayofanana na michembe. Jua kali hupunguza beta-karotini, kwa hiyo ukianika viazi lishe tafuta kivuli chenye upepo, na uvihifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Vikikauka sawasawa, vinapovunjwa hulia ko, na hapo ndipo vinapofungwa kwa ajili ya miezi isiyo na mvua.